Mistari Mitatu ya Mizani

Mkubwa wangu wa kwanza kazini sikumheshimu, na miaka iliyopita haijanilainisha. Kila nikimkumbuka namwona vilevile: soksi nyeupe, kalamu nne mfukoni, na uso wa mtu anayesubiri kupongezwa. Hiyo ilikuwa Malindi, katikati ya miaka ya themanini, wakati kompyuta ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu. Yeye alikuwa nayo moja, na kwa sababu ya hiyo moja watu walimsikiliza kana kwamba anasoma hotuba ya Ijumaa.

Mimi ni mtu wa Mambrui. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama nzuri za hesabu, na nyumbani hakuna aliyejua zingenifaa nini. Ndipo nikasikia kuna mradi wa lishe unatafuta karani anayejua kupiga chapa. Mradi ulikuwa ukigawa unga wa uji na maziwa ya unga kwa watoto wa upande wa Vitengeni, ambako mvua zilikuwa zimekosa misimu miwili na mahindi yamekufa yakiwa ya urefu wa goti. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga karibu na soko la Malindi. Chumba cha kompyuta kilikuwa na kiyoyozi. Chumba cha muuguzi, ambaye ndiye aliyefanya kazi yenyewe, hakikuwa na hata feni.

Mkubwa huyo tulimwita Mtaalamu, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa ameletwa kutoka Nairobi, akapangishiwa chumba katika hoteli ya ufukweni, na akija ofisini saa nne asubuhi, kabla hata ya salamu, huuliza kama chumba cha mashine kina baridi ya kutosha. Programu ya mradi aliiandika yeye. Aliizungumzia kama watu wanavyomzungumzia kifungua mimba wao, na kama watu hao, hakutaka kusikia kasoro yake.

Kazi ilikwenda hivi. Kila baada ya wiki nne muuguzi alikwenda zahanati ya Vitengeni na mizani yake ya kuning'iniza kwenye boriti, yenye uso wa duara kama saa. Mtoto huvishwa suruali ya kitambaa yenye kamba, akatundikwa kwenye ndoano, akapiga kelele, na mshale ukazunguka juu ya mistari. Kila mstari ni sehemu moja ya kumi ya kilo. Muuguzi anaandika: 6.3, 7.1, 5.9. Karatasi zinaletwa Malindi, nami naziingiza kwenye mashine. Mashine inachukua uzito wa leo, inatoa uzito wa mara iliyopita, na tofauti ikiwa ndogo kuliko 0.3 inachapisha neno HAJAFIKA mbele ya jina la mtoto. Wiki moja baadaye lori linapeleka unga, nami naenda nalo kusoma orodha mbele ya akina mama. Aliyeandikiwa HAJAFIKA hapati kitu mpaka mizani nyingine.

Sikukosea kuandika. Mtoto asiyeongezeka ndiye aliyenyimwa. Mtaalamu alikuwa na imani kwamba mtoto asipoongezeka, basi mama yake anagawa unga wake kwa jamaa, na dawa ya mama wa namna hiyo ni kumbana. Imani hiyo aliitoa wapi sijui. Hakuwahi kulala Vitengeni hata siku moja. Alifika huko mara mbili, mara zote mbili akarudi kabla ya chakula cha mchana kwa sababu ya vumbi.

Nami niliyekuwa nikiuona upuuzi huo nilikaa nikaupiga chapa. Sisemi nilikuwa bora kuliko yeye. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nilipenda kuitwa karani wa kompyuta, nilipenda jinsi shangazi zangu walivyonyamaza nikianza kueleza kazi yangu, na zaidi ya yote nilikipenda kile kiyoyozi.

Katika mizani ya tatu au ya nne hivi, akatokea mama mwenye pacha. Alikuwa akitoka mbali, ng'ambo ya Vitengeni, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na amekwisha tembea tangu alfajiri. Wote wawili walikuwa wasichana. Mkubwa alikuwa na kilo 6.5, mdogo 6.3. Wiki nne baadaye akarudi nao, na siku hiyo nilikuwapo, kwa sababu muuguzi aliomba nimsaidie kuandika. Mama huyo hakukaa kwenye benchi kama wenzake. Alisimama karibu na mizani na kuutazama mshale, midomo ikicheza. Alikuwa akihesabu. Mkubwa akafika 6.8, mdogo 6.6. Mama akainua vidole vitatu kwa huyu, vitatu kwa huyu, akacheka peke yake. Muuguzi akamwambia, "Wewe ungefaa kufanya kazi yangu." Watoto wale walikuwa bado wakavu wa mikono, lakini walilia kwa nguvu, na kwa muuguzi kilio cha nguvu kilikuwa habari njema.

Nikarudi Malindi, nikaziingiza namba, nikachapisha orodha. Pacha mkubwa: ongezeko 0.3, AMEFIKA. Pacha mdogo: ongezeko 0.3, HAJAFIKA.

Nikaichukua karatasi nikampelekea Mtaalamu. Nikamwekea kidole kwenye mistari ile miwili, mmoja juu ya mwenzake, nikamwuliza vipi tatu hii isiwe tatu ile. Akaitazama kwa muda mfupi sana.

"Mashine haikosangi," akasema. "Inaona mahali jicho lako haliwezi fika."

"Inaona nini, bwana? Imeandika yenyewe sifuri nukta tatu."

"Hao ni mapacha?" Akachangamka ghafla, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Basi hiyo ndiyo maana. Wamama wa huku wakipata mapacha wanachaguanga mmoja. Mwingine wanamwacha tu."

Alikuwa amelisoma jambo hilo katika kitabu fulani kuhusu watu wa nchi fulani, na akalibandika Vitengeni bila haya. Watoto wote wawili wameongezeka sawasawa, mistari mitatu kwa mitatu, na yeye akaona humo ushahidi kwamba mmoja anaachwa afe. Akatoa kalamu nyekundu na kuandika pembeni mwa jina: Mama anapendelea mtoto mmoja. Aonywe mbele ya wenzake.

Na mimi nikaenda kumwonya. Nilisimama kwenye baraza ya zahanati, lori nyuma yangu, na nikasoma. Nilipofika kwa pacha nikasoma haraka, nikitumaini maneno yatapita. Hayakupita.

"Dada, samahani, hebu soma tena," mama akasema.

Nikasoma tena. Mkubwa sifuri nukta tatu, amefika. Mdogo sifuri nukta tatu, hajafika.

"Mimi sikwenda skuli, dada. Lakini mistari naiona. Huyu mshale ulikwenda mitatu, na huyu mitatu. Mitatu ya huyu ina nini?"

Badala ya jibu nikamsomea lile onyo la kalamu nyekundu, kwa sababu nilitumwa nilisome. Akina mama wote kwenye benchi wakamgeukia. Kuna mambo mwanamke anaweza kuambiwa hadharani na akayameza, lakini si hilo, na si na mgeni mwenye karatasi.

"Mwambie bwana wenu aje mwenyewe," akasema polepole, "anionyeshe ni yupi nisiyempenda."

Akapokea mfuko mmoja wa unga badala ya miwili, akawafunga watoto wake, akaondoka. Muuguzi, aliyekuwa amekuja nasi, hakunitazama wakati wote wa kupakia mifuko iliyobaki. Njiani, tulipokaribia Kakuyuni, ndipo aliponiambia, "Unajua atakachofanya? Mfuko ule mmoja ataugawa mara mbili. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Nikasema ningefanya hivyohivyo. "Basi mizani ijayo hakuna atakayefika," akasema, "na bwana wako atapata anachokitaka."

Mpaka mizani hiyo zilibaki wiki tatu. Nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani.

Kompyuta ile ilikuja na kitabu kinene cha maelezo. Mtaalamu alikiweka juu ya kabati ili wageni wakione. Nilipokishusha nikakuta bado kimefungwa kwenye nailoni yake ya dukani. Mtu aliyeandika programu ya kuamua nani ale na nani asile hakuwa amekifungua kitabu cha mashine yake. Nikaikata ile nailoni kwa mkasi, na siku tatu mfululizo, wakati yeye yuko hotelini akila chakula cha mchana kilichoendelea mpaka saa tisa, nikakisoma.

Kwanza niliitazama programu yenyewe. Nikaona kwamba ile 0.3 kwenye karatasi ilikuwa imekadiriwa: aliiambia mashine ichapishe tarakimu moja tu baada ya nukta, ili orodha ipendeze. Lakini kulinganisha kulifanywa kabla ya kukadiria. Yaani mashine ilituonyesha namba moja na ikahukumu kwa namba nyingine. Nikaiandikia amri fupi, itoe 6.3 katika 6.6 na inionyeshe jibu lote. Ikajibu: .2999997. Nikaitaka itoe 6.5 katika 6.8. Ikajibu: .3000002.

Nilikaa nikizitazama namba hizo mbili mpaka zikaanza kucheza. Kisha nikarudi kwenye kitabu, na humo nikakuta ninachokijua tangu utotoni. Bibi yangu Mambrui alikuwa akipima mchele kwa pishi. Nusu ya pishi ni kisaga, nusu ya kisaga ni kibaba, na akitaka kidogo zaidi huchukua nusu kibaba, kisha nusu ya hiyo. Mashine nayo hupima sehemu hivyohivyo, kwa nusu na nusu ya nusu, basi. Sasa mwambie bibi akupimie sehemu moja ya kumi ya pishi kwa vyombo hivyo. Atakaribia, atazidisha punje, atapunguza punje, lakini kamili hataipata. Kwa hiyo mashine ilipopewa 6.6 iliiweka ikiwa pungufu kidogo, na 6.3 ikaiweka ikiwa imezidi kidogo, na ilipotoa, pengo likawa dogo kuliko 0.3 kwa kiasi ambacho hakuna mizani duniani ingekiona. Pacha mkubwa alibahatika. Uzito wake wa kwanza ulikuwa na nusu kamili, na nusu mashine huijua barabara, 6.8 nayo ikawekwa ikiwa imezidi kidogo. Akapita. Hakuna zaidi ya hilo. Hakuna mama aliyempenda mmoja na kumwacha mwingine.

Nikamwita Mtaalamu, nikamwonyesha kwenye skrini. Nilikuwa mjinga wa kutosha kudhani ataona haya.

"Hiyo tofauti ni kidogo sana," akasema. "Ni chini ya sehemu ya milioni ya kilo. Hiyo ni kama hakuna."

"Kama ni kama hakuna, mbona imemnyima mtoto unga?"

Akasema nipunguze sauti. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuonekana hajui, akaketi kuirekebisha. Programu ilisema: ikiwa tofauti ni ndogo kuliko 0.3, hajafika. Yeye akaongeza: na ikiwa si sawa na 0.3. Nikatazama vidole vyake nikidhani anatania. Namba ile tayari ilikuwa ndogo kuliko 0.3, na kitu kilicho kidogo kuliko kingine hakiwezi kuwa sawa nacho, hata ukiandika mara mia. Huwezi kuiuliza mashine kama namba mbili zenye nukta ni sawa, wakati yenyewe haina hata moja kati ya hizo iliyo kamili. Lakini yeye akaijaribu programu yake. Akaingiza namba za pacha mkubwa, ambaye hakuwa na tatizo tangu mwanzo. AMEFIKA, ikasema mashine. Akanigeukia akitabasamu.

"Umeona? Imetengenezeka."

"Jaribu za mdogo, bwana."

"Wewe umeajiriwa kupiga chapa," akasema, na akaondoka kwenda kuogelea. Nilipozijaribu mwenyewe, jibu lilikuwa lilelile.

Kwa hiyo niliibadilisha mimi. Sikuomba ruhusa na sijutii. Ilikuwa kazi ya mistari miwili ya programu. Kabla ya kutoa chochote, kila uzito niliuzidisha kwa kumi, nikauongezea nusu, nikaukata uwe namba nzima. 6.6 ikawa 66, 6.3 ikawa 63, na tofauti ikawa tatu. Tatu haina mabaki wala mapungufu. Mashine huishika kama ilivyo. Kisha nikailinganisha na tatu. Ndivyo alivyofanya yule mama kwa vidole vyake: hakuhesabu kilo, alihesabu mistari. Mwanamke asiyekanyaga darasa aliipata njia sahihi akiwa amesimama juani, na yule bwana wa kiyoyozi aliikosa akiwa na kitabu juu ya kabati.

Nikaziingiza upya karatasi za nyuma. Pacha mdogo akafika. Pamoja naye wakafika watoto wengine sita ambao tuliwanyima unga bila kosa, sita ambao mimi niliwasomea majina yao kwa sauti yangu. Nikachapisha orodha hiyo na kuiweka mezani kwa Mtaalamu, akaniambia mwezi uliofungwa haufunguliwi, ripoti itakuwa na maswali. Akaikunja akaifanya ya kujipepea. Bila sahihi yake lori lisingetoka.

Mizani iliyofuata sikwenda Vitengeni. Nilijitia mgonjwa. Karatasi aliniletea muuguzi mwenyewe, akaziweka kando ya mashine, akabaki amesimama.

"Alikuja," akasema.

Nikazitafuta. Pacha mkubwa: 6.8, vilevile kama mara iliyopita. Pacha mdogo: 6.7. Mfuko mmoja, matumbo mawili, wiki tatu. Kumbe alikuwa amewagawia kwa haki kuliko sisi sote.

"Alihesabu?" nikauliza.

"Alihesabu. Safari hii hakuinua kidole."

Muuguzi akatoka. Nami nikakaa mbele ya programu yangu, ile niliyojivunia, isiyokosea hata punje. Niliingiza 6.8 na 6.7 kama zilivyoandikwa. Mashine ikafanya hesabu yake safi kabisa, na ikachapisha HAJAFIKA, HAJAFIKA. Hakukuwa na kosa lolote. Mistari sifuri kwa mkubwa, mmoja kwa mdogo. Nilikuwa nimeufanya upuuzi wa yule mtu uwe sahihi, na sasa ungewanyima wote wawili.

Nilimdharau sana wakati ule, na nikagundua kwamba dharau haimlishi mtu uji. Nikaichana ile orodha. Nikafuta namba mbili, nikaandika mpya. Mkubwa, 7.1. Mdogo, 7.0. Sikuwahi kudanganya katika hesabu tangu nizaliwe. Shuleni niliwahi kulia kwa alama moja niliyopewa zaidi ya haki yangu. Mashine ikaandika AMEFIKA mara mbili, na karatasi ya muuguzi nikaikunja nikaitia kwenye mkoba wangu.

Asubuhi iliyofuata Mtaalamu alipitia orodha akinywa soda. Alipofika kwa pacha akasimama. Akaipiga karatasi kwa kucha, akacheka, na akaanza kuandika kwenye daftari la ripoti yake huku akinisomea kwa sauti: kwamba mama aliyeonywa hadharani na kupunguziwa mgao alirekebisha tabia, na watoto wote wawili wakaongezeka ndani ya mwezi mmoja, kwamba njia hii ipelekwe na kwingine.

"Umeona sasa?" akaniuliza. "Ukiwabana, wanafanya. Mimi nilikuambia."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na chini ya orodha bado hakuwa ametia sahihi.

"Naam, bwana," nikasema. "Uliniambia."